Dakika Kumi za Jumamosi

Mwanangu anasema mimi ni mkaidi. Amesema mbele ya mkewe, amesema mbele ya majirani, na siku moja alisema mbele ya daktari wangu, kana kwamba ukaidi ni ugonjwa wa kuandikwa kwenye faili. Sikatai. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na chumba kile hakimtaki mtu wa kuitikia ndiyo kwa kila anachoambiwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kabla daktari hajamshona mgonjwa, nilihesabu vibano, mikasi, sindano na kila kipande cha pamba, kwa sauti, na mpaka niseme "zimetimia" hakuna aliyegusa uzi. Madaktari wakubwa wenye majina yao walisimama mikono hewani wakinisubiri. Wengine walinuna, nami nikawaacha wanune, nikahesabu tena.

Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwamba sitakwenda popote na gari lile, angepaswa kujua anazungumza na nani.

Gari lenyewe ni dogo, rangi ya maziwa, na lina miaka ishirini na tisa. Lilikuwa la marehemu mume wangu, naye alilitunza kama mboni ya jicho lake. Magoti yalipomharibikia aliacha kuliendesha, lakini kila Jumamosi asubuhi alifungua banda, akaliwasha, akakaa ndani dakika kumi akitazama saa, kisha akalizima. Mimi nilikaa kiti cha abiria. Tulisikiliza redio na kutazama ukuta wa banda. "Gari lisipowashwa linakufa," alikuwa akisema. Wiki ya mwisho ya uhai wake alinishika mkono akaniambia nisiache. Sikuacha. Miaka sita baada ya mazishi, mvua au jua, nililiwasha kila Jumamosi dakika kumi. Barabarani lilitoka mara moja kwa mwaka, kwenda kukaguliwa na kurudi, na mwaka jana hata hilo halikufanyika kwa sababu nilifanyiwa upasuaji wa nyonga. Leseni yangu niliendelea kuilipia kila ilipoisha muda. Mwanangu aliniuliza ya nini, nikamjibu kwamba ni yangu.

Mambo yalianza siku mdogo wangu aliponipigia simu. Anaishi mbali, kilomita mia tisa na ushee, katika mji ambao alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Aliniambia bila kuzunguka kwamba macho yake yanakwisha. Ugonjwa uko nyuma kabisa ya jicho, miwani haisaidii, na daktari amemwambia kwamba kufika mwisho wa mwaka atabaki na mwanga na kivuli.

"Unaona nini sasa hivi?" nilimuuliza.

"Mbele naona. Pembeni pamekwisha kuliwa. Dada, nataka kutazama."

"Kutazama nini?"

"Kila kitu. Shule yangu. Bwawa. Ile kona ya juu ambapo bonde zima linaonekana. Hapa wananipeleka hospitali na kunirudisha. Kila mtu ana haraka zake. Nikisema simama kidogo, wanatazama saa."

"Nitakuja na gari," nikasema.

"Gari gani?"

"Langu."

Akacheka kicheko kile chake cha puani. Akasema njoo, lakini njoo mapema. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane.

Mwanangu ni mkaguzi wa kampuni ya bima. Magari yakigongana, yeye ndiye anayekwenda kuyapiga picha na kuandika yameharibika kiasi gani. Nilipomwambia habari ya safari, alikuwa jikoni kwangu na kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Mama, panda basi."

"Na nyonga hii? Saa kumi na nne kwenye kiti cha basi? Nikifika nitashushwa kama gunia. Na huko nikifika nitampeleka mdogo wangu bwawani kwa kumbeba mgongoni?"

"Basi nitakupeleka mimi."

"Lini?"

"Nikipata nafasi. Mwisho wa mwaka nina likizo."

Nimewahi kumwambia kwamba "nikipata nafasi" ni maneno ya mtu aliyekwisha kukataa. Mwisho wa mwaka ndiyo siku aliyopewa mdogo wangu na daktari. Nilimweleza hayo, akaniambia kwa upole kwamba lile gari ni jeneza lenye usukani. Upole wake ndio ulionipandisha mori. Angefoka ningemsikiliza. Nilimwondolea kikombe mbele yake, nikakiosha kabla hajamaliza chai.

Kesho yake nikamwita Fundi Sikio.

Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu hasemi neno juu ya gari kabla hajalisikiliza. Ana bisibisi ndefu kama mkono. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Karakana yake iko nyuma ya kinu cha unga, kwa hiyo magari yote yanayotoka kwake yana vumbi jeupe kwenye vioo. Mtu mwembamba, wa makamo, mpole mpaka anaudhi.

Alipofika kwangu tulijaribu kwanza kulitoa gari bandani. Lilikataa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameng'ang'ania, breki zimeshikana na chuma kwa kutu. Akaliwasha pale pale, akasikiliza, akalizima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha: oili ilikuwa nyeupe nyeupe, nzito kama uji. Akaingia chini ya gari, akagonga sailensa kwa bisibisi, na bisibisi ikapita mpaka ndani.

"Mama, hili gari huwa linawashwa?"

"Kila Jumamosi," nilisema, na nilisema kwa kujivuna. "Dakika kumi. Miaka sita, na kabla ya hapo miaka mitatu na marehemu. Sijakosa hata moja, hata wiki za nyonga nilikwenda bandani na magongo."

Alitoka chini ya gari taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilijua namna ile ya kufuta mikono. Madaktari wetu walikuwa wakiifanya kabla ya kwenda kuzungumza na ndugu wa mgonjwa.

"Mungu amrehemu mzee," akasema. "Lakini hizo dakika kumi ndizo zilizoliumiza."

"Unasema nini wewe?"

"Injini ikiwaka baridi inatengeneza maji. Maji yale yanatoka gari likishapata moto sawasawa, likitembea nusu saa, saa nzima. Wewe unaliwasha, linaanza kupata joto, unalizima. Maji yanabaki ndani. Yanakaa kwenye oili, yanakaa kwenye bomba la moshi. Jumamosi nyingine unaongeza mengine. Na betri nayo, unaichota wakati wa kuwasha, huipi muda wa kurudisha. Mama, gari halitaki kuwashwa tu. Linataka kwenda."

Nilimwambia anisubiri. Nikaingia ndani, nikajifungia bafuni, nikalia. Sioni haya kusema. Nilimlilia mume wangu na magoti yake, nikalia kwa hasira pia, maana miaka sita nilikuwa nimefungua banda lile kwa uaminifu kama mtu anayekwenda kutoa dawa, na dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua. Halafu simu ikalia sebuleni. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Mwanangu hunipigia kila Jumamosi saa kumi jioni.

"Mama, umekula? Dawa umekunywa? Mlango wa nyuma unaufunga? Nyonga je? Haya, mama, nitakupigia wiki ijayo."

Alipokata simu nilitazama saa ya ukutani. Dakika tisa na kitu.

Nikanawa uso, nikatoka nje, nikamkuta fundi amekaa kwenye ndoo anasubiri. "Fungua kila kitu," nilimwambia. "Chochote kinachofunguka, kifungue."

Kazi ilichukua wiki tatu na nusu. Tulilivuta gari mpaka karakana, nami nikawa nakwenda kila asubuhi na kiti changu cha kukunja, chupa ya chai na shuka moja jeupe. Shuka lile karibu litugombanishe. Nilimtandikia chini, nikamwambia kila anachokitoa akiweke pale kwa safu, na kabla ya kurudisha chochote tuhesabu kwa sauti.

"Mama, mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii."

"Na madaktari wangu walikuwa na miaka thelathini. Walihesabiwa."

"Mafundi wenzangu watanicheka."

"Wacheke."

Na kweli walicheka. Wakaanza kuniita Mama Zimetimia, wakawa wananihesabia hata vijiko vya sukari. Fundi Sikio alihesabu huku ameangalia pembeni, sauti ya chini, kama mtu anayelazimishwa kuimba. Siku ya tano aliporudisha mfuniko wa injini na kufunga nati zote, alinyoosha mkono kuchukua ufunguo aliwashe, nikamwambia bado. Nikahesabu spana zake. Zilipaswa kuwa kumi na moja, zikawa kumi. Akasema labda ameiazima mtu. Nikakaa mbele ya gari kwenye kiti changu, nikamwambia sitaondoka. Akanung'unika, akainama, akachungulia kwa tochi, na spana ya milimita kumi na mbili ikaonekana imelala kimya juu ya bomba, pembeni mwa feni, inasubiri gari liwashwe irushwe kwenye radieta.

Aliichukua, akaifuta, akaiweka kwenye shuka. Tangu siku hiyo alihesabu kwa sauti ya kusikika mpaka kinuni, na mafundi wenzake wakaacha kucheka. Mmoja alikuja kuniuliza shuka kama lile linauzwa wapi.

Petroli ya zamani tuliimwaga yote, ilikuwa inanuka rangi ya ukuta. Oili tukabadilisha, tukaliendesha kidogo, tukabadilisha tena. Breki zote zikafunguliwa, mipira ya maji ikatolewa maana ukiiminya ilikuwa inatoa mlio wa biskuti. Matairi yalikuwa na meno mazuri, sikutaka kuyatupa, lakini fundi alinionyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalikuwa na miaka kumi na moja. Akaliminya moja kwa dole gumba, nyufa zikafunguka. Tukayatupa.

Nilimwambia pia kwamba sitaki kutengenezewa tu, nataka kufundishwa. Chumba cha upasuaji hakina fundi wa kupigiwa simu saa mgonjwa yuko mezani. Akanifundisha kubadilisha tairi, kukaza mkanda, kusoma joto. Akanifundisha kwamba gari likizunguka bila kushika moto, nifungue kifuniko cheusi ambamo nyaya za plagi zinakutana, nitazame rota. Ni kipande kidogo cha plastiki, kimekaa kama kizibo, kina ulimi wa shaba juu yake. Kinazunguka humo ndani kikigawa moto kwa kila plagi. Bila hicho injini haiwaki hata ulisukume gari mpaka mlimani. Na kwa kuwa kwenye meza yangu hakukuwahi kuwa na kibano kimoja tu, nilitaka viwili viwili vya kila kidogo: mikanda miwili, fyuzi, plagi, rota mbili. Vya akiba nilivishonea mfuko wa kitambaa wenye vijaladi, vijifuko vidogo vya ndani, kila kimoja na nyumba yake, nikauweka chini ya kiti changu.

Gari likapita ukaguzi. Nikaliendesha kilomita mia moja na ishirini kwenda na kurudi, Fundi Sikio kwenye kiti cha abiria na bisibisi mapajani. Mlima wa kwanza tu joto likapanda, tukasimama, tukarudi polepole, akabadilisha kifaa kinachoruhusu maji kupita. Tukaenda tena kesho yake. Safari hii nilipanda mlima ule na kushuka, na sindano ya joto haikutikisika. Nilikuwa nimesahau raha ya kubadilisha gia ukisikia injini inakukubalia. Nilipiga kelele ya furaha humo ndani, na fundi akajitia hamnazo.

Jumanne jioni, siku moja kabla ya kuondoka, mwanangu alikuja. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hakusema jeneza, hakusema basi. Aliuliza nitalala wapi njiani, nikamtajia nyumba ya wageni. Aliuliza kama anaweza kulitazama gari kidogo. Nikamwambia ufunguo wa banda uko pale pale unapokaa siku zote, nami nikabaki kumtengenezea chai. Moyo wangu ulilainika. Niliona hatimaye amenielewa. Aliporudi alinawa mikono kwenye sinki kwa sabuni ya vyombo, akanawa tena, akanywa chai kwa haraka. Mlangoni alinikumbatia muda mrefu.

Jumatano saa moja asubuhi nilifunga mlango wa nyuma, nikapakia, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Nikajaribu tena. Hivyo hivyo. Nilikaa nimeshika usukani, na kwa dakika moja nzima nilifikiri mwanangu alikuwa na haki, kwamba nilikuwa mzee mjinga niliyepoteza wiki tatu na nusu za macho ya mdogo wangu. Nayasema haya kwa sababu mtu akisikia habari zangu anadhani sijui kufa moyo. Najua.

Halafu nikashuka, nikafungua boneti, nikatandika shuka. Nikaanza kuhesabu, kutoka betri kwenda mbele, kwa sauti, bandani peke yangu. Betri, nyaya mbili, zimekaza. Mkanda upo. Nyaya za plagi nne, na moja ya katikati. Nilipofika kwenye kifuniko cheusi niliona kibanio kimoja hakijakaa sawa. Fundi Sikio hawezi kuacha kibanio vile, si baada ya ile spana. Nikakifungua. Ndani palikuwa patupu. Rota haikuwepo.

Nilikumbuka sabuni ya vyombo. Nilikumbuka kukumbatiwa.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka. Si kwa sababu alitaka kunizuia, hilo amelifanya mchana kweupe na ni haki yake kujaribu. Ni kwa sababu alingoja nimgeuzie kisogo nimpikie chai. Niliingiza mkono chini ya kiti, nikautoa mfuko, nikachukua rota ya pili kwenye kijaladi chake. Nikaiambia mikono itulie, na kwa kuwa ni mikono iliyozoea kuambiwa, ikatulia. Nikaipachika, nikafunga vibanio viwili, nikahesabu tena kila kitu. "Zimetimia," nikauambia ukuta wa banda.

Likawaka mara ya kwanza.

Barabara ya kwenda kwa mdogo wangu inatokea kulia. Mimi nikakata kushoto, nikaenda kazini kwa mwanangu.

Nyuma ya ofisi yao kuna ua mkubwa ambako magari yaliyogongana huvutwa na kuachwa yasubiri kupigwa picha. Mlinzi aliponiona na gari la miaka ishirini na tisa alidhani naleta jingine, akafungua geti bila kuuliza. Nikaegesha katikati kabisa, kushoto kwangu basi dogo lisilo na paa, kulia kwangu kitu ambacho zamani kilikuwa lori. Mwanangu alikuwa amechuchumaa mbele ya gari moja na kamera. Alisimama taratibu.

"Mama? Umeliwashaje?"

"Kumbe unajua halikupaswa kuwaka."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa leso, akaikunjua. Rota ilikuwa humo, ameifunga vizuri kama pete.

"Ningekurudishia," akasema.

"Lini? Ukipata nafasi?"

Aligeuka akatazama lile basi dogo, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa ya mkaguzi. "Wiki jana nimepiga picha gari la mama mmoja wa umri wako. Lori lilimwingilia kwenye kona. Kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa machungwa, yote mazima, hata moja halikupasuka. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mama, mimi najua namna ya kuandika haya mambo ya watu wengine. Yako sitaweza."

Nilimwona alivyokuwa na miaka saba. Hasira haikuniisha, lakini ilipata mwenzake wa kukaa naye.

"Nimekusikia," nilimwambia. "Sasa nisikilize na mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukishuka na baiskeli kutoka juu ya mteremko wa kwetu bila kushika breki. Mimi nilisimama dirishani roho mkononi, kila siku, mpaka ulipofika chini. Nilikuwa nimetoka kazini kushika matumbo ya watu waliopasuka, nilijua vizuri kuliko wewe mtu anavyovunjika. Lakini sikuung'oa mnyororo wa baiskeli yako."

Akainamisha kichwa.

"Nikibaki nyumbani nitakuwa salama, ni kweli. Na hilo gari nalo lilikuwa salama bandani. Muulize Fundi Sikio alilikuta na hali gani. Mdogo wangu amebaki na miezi ya kutazama, na mimi ndiye nitakayemsimamishia gari atazame. Ninakwenda. Kama unataka kufanya kitu, kazi yako ni kukagua magari. Likague."

Akavua kamera shingoni, akaiweka juu ya boneti langu, akaanza. Alilizunguka gari mara mbili. Aliminya matairi kwa dole gumba, akasoma zile tarakimu nne kwa kila moja. Akaniambia niwashe taa, nipige indiketa, nikanyage breki. Akalala chini kwenye mchanga na shati lake la ofisi, akatazama tumbo la gari. Nilibaki kwenye usukani nikimsubiri aone kosa alilokuwa akilitafuta, nikijua hatalipata. Mwishoni akafungua buti.

"Tairi la akiba halina upepo," akasema.

Nilishuka nikaminya mwenyewe. Lilikuwa laini kama godoro. Nilikuwa nimehesabu matairi matano kila siku kwa wiki tatu na nusu, na hili la tano sikulipima upepo hata mara moja. Ningeweza kujitetea. Nikasema, "Hilo limenipita."

Hakucheka. Alilibeba begani mpaka kwenye pampu yao, akalijaza, akalipima, akalirudisha, akalifunga kwa kamba yake. Rota niliichukua nikaiweka kwenye kijaladi kilichobaki wazi. Nilipowasha injini alichukua kamera, nikamwuliza anapiga picha ya nini.

"Sijawahi kupiga picha gari zima humu ndani," akasema.

Nilifika kwa mdogo wangu Alhamisi kabla ya jua kuzama. Njiani nilisimama kila saa moja na nusu kunyoosha nyonga, na kila niliposimama nilifungua boneti. Alinisubiri getini. Alikuja mpaka karibu kabisa na gari, akageuza kichwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo, akalitazama kipande kwa kipande. Halafu akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuzia kwenye mwanga. "Umezeeka vizuri," akasema. Nikamwambia yeye ameongeza ulimi tu.

Ijumaa tulikwenda shuleni kwake. Jumamosi tulikwenda bwawani, na jioni nikampandisha mpaka ile kona ya juu. Niliegesha pembeni, nikazima gari, bonde lote likawa chini yetu. Alishuka, akaweka mkono kwenye boneti lenye joto, akaanza kutazama kutoka kushoto. Simu ikalia. Saa kumi kamili.

"Mama, umekula? Dawa umekunywa?"

"Nimekula, nimekunywa. Sema haraka, nina dakika kumi tu. Mdogo wangu anatazama."

Nilidhani atasema haya mama, nitakupigia wiki ijayo.

"Anaona nini?" akauliza.

Nikaweka simu kwenye boneti, sauti juu, nikamwambia mdogo wangu kwamba anaulizwa. Akaanza kumweleza bila kugeuka. Mapaa ya bati, matatu mekundu na moja lililopauka. Moshi mmoja mwembamba. Mtu na baiskeli imebeba kitu kirefu, labda ngazi, anashuka nayo kwa miguu. Mto, na mahali ambapo mto unapotea. Alikuwa akitaja kitu kimoja, ananyamaza, anasogeza shingo kidogo, anataja kingine. Nilitazama saa yangu. Dakika ya kumi ilifika ikapita. Nikainama kwenye simu nikamwuliza mwanangu kama ana kazi, kama anataka kukata.

"Mwambie asikate," akasema mdogo wangu. "Upande wa kulia bado sijaufikia."

Hakukata.